Meza ya albamu kwenye maonyesho ya katuni: nani kamvamia nani?

Tangu maonyesho ya katuni yafanyike hapa Arusha mwezi uliopita, kuna ubishi uliotoka ukumbini ukahamia vijiweni, Kijenge hadi Sakina. Chalii mmoja wa Ngarenaro, rapa asiye na lebo wala meneja, alilipia meza katikati ya wachoraji akauza albamu yake. Wachoraji kadhaa wanasema aliwavamia. Wanamuziki wenzake wanasema alipotea njia, kwa sababu albamu hupelekwa redioni na kwenye shoo, haipelekwi kwa watu waliovaa maski za mashujaa wa vitabuni. Mimi nilikuwepo siku zote mbili, na siku ya pili nilimshikia meza alipokwenda kula, kwa hiyo msomaji ajue mapema moyo wangu uko wapi. Hata hivyo hoja ya wachoraji ni nzito kuliko inavyosimuliwa mitaani, na naanza nayo.

Muziki wetu una redio, una televisheni, una baa, harusi, bonanza, kampeni za uchaguzi na spika ya kila bajaji. Katuni ina nini? Waliokulia enzi za jarida la katuni la Sani wanakumbuka likipita mikono kumi hadi linaisha kurasa. Leo mchoraji wa hadithi za picha anakula kwa kuchora vipeperushi vya afya, mabango ya mashirika na kuta za saluni. Siku mbili za ukumbi ambapo watu wanapanga foleni kwa ajili ya hadithi aliyoitunga mchoraji mwenyewe ni siku adimu sana maishani mwake. Na tumeshaona kinachotokea shughuli ikimkaribisha mwanamuziki. Nenda Nane Nane pale Njiro jioni, uliza watu wangapi walikuja kuangalia mbegu. Mahafali ni hivyo hivyo. Jukwaa likishawekwa, shughuli yenyewe inageuka kuwa kisingizio. Wanaowaita wachoraji hawa wenye wivu hawajawasikiliza.

Halafu kuna mfuko. Mwanafunzi aliyeingia na elfu kumi, ukitoa nauli na soda, ana nafasi ya kununua kitu kimoja. Akinunua albamu, kuna mchoraji ambaye hakununuliwa. Hilo sina namna ya kulipinga.

Asubuhi ya kwanza chalii alifanya kosa walilolitegemea. Aliweka spika ndogo mezani akafungulia biti. Dakika kumi hazikupita, mchoraji mtu mzima kutoka Majengo, Moshi, akasimama mbele yake na penseli bado mkononi.

“Mdogo wangu, mimi hapa naongea na wateja kwa sauti yangu hii hii. Ngoma yako inanifunika.”

“Samahani sana mkubwa. Nazima.”

Akazima. Akatoka mbio kuazima hedifoni mbili kwa fundi simu wa jirani, akaongeza kiti cha plastiki. Ninaloliandikia uchambuzi huu lilianzia hapo, kwenye kiti kile.

Albamu yake ina nyimbo kumi, na zote zinasimulia siku moja ya konda wa kifodi, yaani daladala ndogo, kuanzia alfajiri kabla ya abiria wa kwanza hadi hesabu ya usiku kwa tajiri. Pamoja nayo kuna kitabu cha katuni cha kurasa 24, kilichochorwa na kijana wa Pasua, Moshi. Nyuma ya kitabu kuna msimbo wa QR wa kupakulia nyimbo, na asiye na bando anaingiziwa kwenye flashi au memori kadi hapo hapo kwa laptopu. Bei, shilingi 7,000 kwa lipa namba.

Alikuja binti wa chuo, mkoba begani. Akakaa, akavaa hedifoni, akafungua kitabu. Wimbo wa nne unaeleza mama mwenye ndoo ya dagaa anayekataliwa kupanda kwa sababu ya harufu, na kwenye ukurasa wake mchoraji hakuandika neno hata moja, ameacha picha sita za uso wa konda tu. Binti alifika hapo mapema, akasubiri mistari imfikie. Ilipofika akarudi ukurasa mmoja nyuma, akaniashiria kwa kidole nirudishe wimbo mwanzo. Sijaona mtu akisikiliza rap hivyo tangu enzi za kaseti, tulipokuwa tunarudisha utepe ili tuandike mashairi kwenye daftari. Redio haiwezi kukupa hilo. Shoo nayo haiwezi, kwa sababu watu wanasimama, wanapiga video, wanaongea.

Wanamuziki wanaomcheka wanauliza watu wenyewe walikuwa wangapi. Ni swali la haki, na linanipeleka kwenye namba ambayo haijaniacha tangu siku ile.

Spotify, jukwaa la kusikilizia muziki mtandaoni, ilifika Tanzania 2021. Tangu mwanzoni mwa 2024, wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 iliyopita hauingii kwenye mgao wao wa malipo, na ili uhesabiwe umesikilizwa lazima mtu afikishe sekunde 30. Sasa chukua watu 75. Sio wa kubahatisha, ni watu 75 wa Arusha na Moshi wanaoupenda wimbo wa nne kiasi cha kuurudia kila mwezi, mwaka mzima. Sabini na tano mara kumi na mbili ni 900. Mwisho wa mwaka wimbo huo umeingiza sifuri. Watu 75 ukiwaita kwa pamoja wanajaza vifodi vitano, wanaimba kiitikio kwa moyo, na kwa hesabu ile ni kana kwamba hawajazaliwa.

Kampuni ina utetezi wake, na lazima usemwe. Ilieleza kwamba nyimbo zilizo chini ya kiwango hicho zilikuwa zikiingiza wastani wa senti tatu za dola kwa mwezi, na kwamba senti hizo mara nyingi hazimfikii msanii kabisa, kwa sababu wasambazaji wa mtandaoni huweka kima cha chini cha kutoa pesa. Nakubali. Lakini fanya hesabu hiyo hiyo kwa chalii wetu. Senti tatu, mara nyimbo kumi, mara miezi kumi na miwili: dola 3.60. Ukiichukua dola kwa shilingi 2,500 hivi, ni shilingi 9,000 kwa mwaka, kwa albamu nzima, hata kama wasingemkata. Binti yule mmoja kwenye kiti cha plastiki alilipa 7,000 kwa muda usiozidi nusu saa. Watu 75 kama yeye ni shilingi 525,000 kabla ya gharama. Majukwaa mengine yana taratibu zake, na sisemi aondoe nyimbo zake mtandaoni. Nasema anayemwambia “peleka mtandaoni kama wenzako” hajaikalia hesabu hii hata dakika moja.

Redio nayo? Mwenye wimbo mmoja wa dakika tatu wa kuchezeka, aende. Albamu inayofuata konda mmoja kuanzia alfajiri hadi usiku haina wimbo wa kukatwa na kupelekwa peke yake. Inahitaji mtu aliyezoea kufuata mhusika ukurasa hadi ukurasa, na watu wa namna hiyo ndio waliokuwa wamejaa ukumbini.

Undugu wa rap na katuni haujaanza leo, na mashabiki wa pande zote mbili wanaujua. Rapa wa Marekani MF DOOM alificha uso wake nyuma ya maski iliyotokana na Doctor Doom, mhusika wa kampuni ya katuni ya Marvel. Mwenzake Ghostface Killah alijiita Tony Starks, kutokana na Tony Stark, yule Iron Man wa Marvel. Mwaka 2015 Marvel yenyewe ilitoa mfululizo wa majalada yaliyochorwa kwa kuenzi majalada ya albamu za hip hop. Hapa kwetu kundi la X Plastaz, walioanza 1996, walijulikana kwa shuka na uimbaji wa Kimaasai kama walivyojulikana kwa mistari. Rap ya Arusha siku zote imekuwa na sura, na sura inachoreka.

Kuhusu udogo wa hadhira, maonyesho ya katuni ya San Diego nchini Marekani, ambayo leo yanapokea zaidi ya watu 130,000, mwaka 1970 yalianza na watu 300 hivi hotelini. Silitaji hilo kama ahadi kwamba yetu yatafika huko. Nalitaja kwa sababu kuna watu wanaodharau ukumbi wa watu mia mbili na papo hapo wanalalamika kwamba hakuna pa kuuzia kazi.

Kwa upande wa gharama, wanaomcheka wako sahihi kwa kiasi. Kuchapa kitabu cha rangi kwa nakala chache ni ghali, kwa kuwa bei ya nakala moja hushuka pale tu idadi inapopanda. Ongeza kodi ya meza, chakula cha siku mbili, bando na hedifoni za kuazima, na sioni kama chalii alibaki na faida ya maana safari hii. Akirudia, atauza kitabu kile kile ambacho tayari kimechorwa, na hapo ndipo hesabu itaanza kumpendelea. Asiporudia, waliomcheka watakuwa wameshinda ubishi.

Kwa maoni yangu, mwanamuziki apewe meza, alipe sawa na wengine, asipewe jukwaa. Spika isiruhusiwe, hedifoni tu. Na awe na kitu cha kusomwa. Mwenye CD tupu na bango la uso wake aende kwingine, kwa sababu kwa huyo malalamiko ya wachoraji ni ya kweli tupu. Lakini chalii huyu alifika na kurasa 24 ambazo mchoraji alilipwa kuzichora. Elfu saba ile iliyotoka kwa binti haikuikimbia katuni. Ilinunua katuni yenye nyimbo ndani yake, na mchoraji wa Pasua, ambaye hakuwa na uwezo wa kulipia meza yake mwenyewe, kazi yake ilifunguliwa mbele ya macho ya watu siku mbili mfululizo. Mzee wa Majengo nilipomwambia hivyo alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali moja: “Na toleo la pili, huyo kijana atapata nini?”

Swali hilo ndilo gumu. Malipo ya kijana wa Pasua yalikuwa ya mara moja, kwa maneno tu, bila karatasi. Muziki na michoro vyote viwili ni kazi zinazolindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na vyote vinasajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, lakini sheria haiwezi kukumbuka mlichokubaliana kwenye simu. Kama kitabu kitachapwa tena, na tena, kila nakala ikiuza mkono wake pamoja na sauti ya mwenzake, mgao uandikwe sasa wakiwa bado marafiki. Chalii hakukataa. Alipendekeza theluthi, mwenzake akataka nusu, na akataka pia jina lake lililoandikwa chini kabisa kwa herufi ndogo lipande juu likae sambamba na la rapa. Theluthi na nusu wanaweza kukutana katikati. Jina lilikuwa gumu zaidi. Nilipowaacha stendi Jumapili jioni, kijana wa Pasua akisubiri Coaster ya Moshi ijae, walikuwa wameinama juu ya nakala moja iliyobaki, wakipima jalada kwa kidole gumba.