Nirudishieni koleo langu

Juzi usiku shoga yangu kanitumia picha ya lile tufe jeupe, kubwa kama mashine ya kufulia, lina mdomo wa duara mbele na kitaa cha buluu, na paka kakaa pembeni anapiga miayo kama tajiri aliyemaliza kuhesabu hela zake. Kaandika chini: "Shoga, hili dude lina maana au ndiyo nitupe pesa?" Juu ya picha tangazo linaliita choo cha paka kinachojisafisha, na linaapa kwamba ukilinunua hutagusa tena kinyesi cha paka maishani mwako.

Nikaanza kumjibu kwa sentensi moja, nikafuta. Nikaandika nyingine, nikafuta. Ilipogonga saa sita usiku nikaona heri niyamwage yote hapa, maana si yeye peke yake anayeniuliza, na kila nikiulizwa napandwa na hasira zilezile.

Nilikuwa nalo, ndiyo. Miezi minane nzima. Sasa hivi liko stoo limefunikwa shuka kuukuu, na kila nikipita na tochi linanishtua kama mgeni ambaye hakuaga.

Nianze na hiyo "ji" ya kujisafisha, kwa sababu uongo wote umejificha humo. Paka hujisafisha: anakaa, ananyoosha mguu juu, anajilamba mpaka anang'aa, hahitaji mtu. Hili dude halijisafishi. Linachofanya ni kuchambua. Paka akishatoka linasubiri dakika chache ili mkojo ugande na mchanga kuwa mabonge, kisha linajizungusha taratibu, mchanga safi unapita kwenye kichujio, mabonge yanaangukia kwenye droo ya chini. Basi. Zile nyingine za reki zinafanya kazi hiyohiyo kwa kuchana mchanga kama mtu anayechana nywele. Droo anaimwaga nani? Mfuko anabadilisha nani? Kihisi kikizibwa na vumbi la mchanga, mashine ikagoma katikati ya mzunguko na kichwa chini, nani anapiga magoti na kitambaa chenye maji? Zamani, na boksi la mchanga na koleo, nilikuwa nachota uchafu mara mbili kwa siku, dakika tatu kila mara. Nikahamia kufungua skrubu kila wiki mbili, nusu saa nzima, nikiwa nimeziba pua kwa bega.

Na hapo tunazungumzia siku paka ana tumbo zuri. Siku Pilipili, paka wangu mmoja, alipoharisha, mashine ilifanya kama ilivyofundishwa. Ilisubiri dakika zake, ikazunguka. Hapakuwa na bonge la kuanguka, kwa hiyo mzigo ule ukasafiri ukutani, ukapanda juu, ukashuka upande wa pili, ukaingia kwenye kila tundu la kichujio. Ikapumzika. Mtoto wa watu akaingia tena, ikazunguka tena. Waliniambia nanunua mashine ya paka. Siku hiyo ilipaka kwelikweli.

Hayo yote ningeyameza. Vyombo vinaharibika, vinasafishwa, maisha yanaendelea. Kilichonifanya nilipeleke stoo ni Sultani.

Sultani ni paka wangu mwingine, dume, kahasiwa, ana miaka sita, ana kitambi, na chakula chake kikubwa ni kile kikavu. Mwenye paka anayejua mambo ameshaanza kuguna hapo. Jumatatu moja nikafungua programu ya mashine kwenye simu nikakuta picha ya paka anatabasamu na maandishi: ziara za leo, 11. Kawaida yake ni tatu au nne. Mimi, na naandika hili kwa aibu, nikacheka. Nikamwonyesha mume wangu: "Ona anavyokipenda choo chake!" Kumi na moja! Nilikuwa naona fahari kama mzazi ambaye mtoto wake kaongoza darasa.

Jumanne alfajiri nikamkuta kajikunyata ndani ya beseni la nguo, mkia umenyanyuka nusu, anajikamua. Chini yake palikuwa na tone moja tu, la rangi ya waridi. Alinitazama akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, si mlio wa njaa wala wa ugomvi. Nilitoka nyumbani na kandambili za watu wawili tofauti.

Daktari wa mifugo alimshika tumbo mara moja tu, kibofu kigumu kama chungwa bichi. Akaniuliza: "Mara ya mwisho kumwona amekojoa ni lini?" Nikatoa simu. Naapa, nilitoa simu nikamwonyesha jedwali, mistari ya kijani na nyota zake. Akaitazama, akanitazama mimi. "Hii inaniambia aliingia," akasema. "Mimi nimeuliza kama amekojoa."

Sikuwa na jibu. Kwa wiki nyingi sikuwa nimeuona mkojo wa paka wangu, na kutouona ndiyo bidhaa niliyokuwa nimeinunua.

Kwa ambao hayajawakuta: njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba mno. Fuwele, vijiwe au uteute kidogo tu vinatosha kuiziba kabisa. Ikishazibwa, taka zinarudi mwilini, potasiamu inapanda kwenye damu, moyo unaanza kuvurugika, na ndani ya siku moja au mbili unaweza kumzika. Paka wa namna hiyo anaingia chooni, anachuchumaa, anatoka, anarudi, anachuchumaa. Mashine inahesabu: moja, mbili, tatu. Nyota.

Sasa fikiria ningekuwa na koleo langu la matundu na boksi la wazi. Jumatatu jioni nachota kama kawaida, nakuta mabonge ya Pilipili, madogo, yale ninayoyajua. Ya Sultani, ambayo ni makubwa kama ngumi ya mtoto, hayapo. Nachimbua pembe zote nne, hayapo. Hapo huhitaji intaneti. Paka mzima anakojoa kama mara mbili hadi nne kwa siku, na ukichota kila siku mkono wako unajua hesabu hiyo kabla ya kichwa. Mabonge yakianza kuwa makubwa na mengi, unawaza figo au kisukari. Yakiwa vipunjepunje vingi vya tone tone, kibofu kinasumbua. Yasipokuwepo, unakimbia. Kinyesi nacho kina habari zake: kigumu kama kokoto, chenye damu, chenye minyoo inayotikisika kama punje za wali. Hata unywele au kipande cha uzi alichomeza nimewahi kukikuta kwenye koleo.

Na bonge lenyewe si jambo la tangu enzi. Watu walikuwa wanatumia majivu, mchanga wa nje, vumbi la mbao. Mwaka 1947, huko Marekani, Edward Lowe alimpa jirani yake udongo mkavu wa chembechembe uliokuwa unauzwa kwa kufyonzea mafuta kwenye karakana, paka akaupenda, na biashara nzima ya mchanga wa paka ikazaliwa hapo. Lakini udongo ule ulikuwa unafyonza tu, mkojo ukapotelea humo, huoni kitu. Mchanga unaoganda, ule wa udongo wa bentonaiti, ulikuja miaka ya 1980. Ghafla mkojo ukawa kitu unachoweza kukiinua, kukipima kwa macho, kukihesabu. Tumepewa kipimo cha maabara ndani ya boksi la plastiki, halafu tunalipa pesa nyingi kiporomokee gizani kwenye droo tusikione.

Najua mtaniambia: lakini mashine ilikupa ile 11, wewe ndiye hukuelewa. Kweli. Na nakubali, kwa shingo upande, kwamba zipo zinazotuma onyo paka akiingia kupita kawaida, na zinazompima uzito kila akiingia. Uzito si jambo dogo. Paka mzee anayepungua gramu chache kila wiki huwezi kumwona kwa macho, na mashine itamwona. Haya, nimesema. Ila programu hiyohiyo ilikuwa inanitumia ujumbe mchana na usiku: droo imejaa, droo haijajaa lakini fikiria kuimwaga, mchanga umepungua, kihisi kichafu, mtandao umepotea, mtandao umerudi, nunua mifuko yetu. Wiki ya tatu nikaizima sauti. Mjinga ni mimi, lakini nilisaidiwa kuwa mjinga.

Mengine nayapitia mbiombio. Kelele za mota: Pilipili alikaa siku nne haligusi, akahamia kwenye zulia. Paka mzee mwenye maungo mabovu hapandi ule mdomo wa juu, na yeye ndiye mwenye shida zaidi. Mtoto wa paka ni mwepesi kuliko kihisi kinavyotaka, kwa hiyo unazima otomatiki na kuchota kwa mkono ndani ya mashine ya kukuokoa usichote. Zile za kuiga zisizo na kinga, kuna paka waliobanwa humo wakafa. Hizo hata bure usichukue. Harufu? Mkojo uliokaa wiki kwenye droo ni amonia tupu, kifuniko au hakuna kifuniko. Na ushauri wa siku zote ni boksi moja kwa kila paka na moja la ziada, kumbe mnauziwa kiti kimoja cha enzi kwa paka wanne, halafu mnashangaa kwa nini yule mnyonge anakojoa nyuma ya kochi wakati mbabe amelala mlangoni.

Wajawazito mnaambiwa hili ndilo suluhisho la toksoplasma, kile kidudu cha kwenye kinyesi cha paka kinachoweza kudhuru mimba. Sikilizeni vizuri. Mayai ya kile kidudu yanapotoka na kinyesi hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji siku moja hadi tano. Ndiyo maana tunaambiwa boksi lisafishwe kila siku, na afanye mtu mwingine. Droo inayokaa na mzigo wiki nzima imeyapa mayai muda wote yanaoutaka. Kwa hiyo hata ukiwa na mashine, asiyebeba mimba ndiye anayeimwaga. Mume wako yupo, ana mikono miwili.

Nani basi anunue? Mwenye mgongo usioinama. Mwenye ulemavu ambaye kuchota kila siku ni mateso au haiwezekani. Mtu wa zamu ndefu ambaye kweli hayupo. Kwao dude hili ni heshima, na sitaki kusikia mtu anawaita wavivu. Lakini hata wao waimwage droo kila siku, waitazame kabla ya kufunga mfuko.

Sisi wengine tunakimbia dakika tatu. Tunaona kinyaa. Mnyama anayelala kifuani mwetu, tunayempiga picha mia kwa wiki, kinachotoka kwake tunataka kiwe siri. Mimi Sultani alikaa siku tatu na mpira wa mkojo, na siku aliporudi akachuchumaa kwenye boksi la kawaida nililokuwa nimeliazima, akakojoa kwa muda mrefu, nami nimekaa sakafuni namtazama nalia. Nikaliinua lile bonge na koleo. Zito, la joto bado. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile, na mnicheke tu.

Nilimtumia shoga yangu yote haya, karibu neno kwa neno. Akakaa kimya kama robo saa. Kisha ikaingia: "Nimeshanunua. Linafika kesho."

Nikamuuliza paka wake ni dume au jike. "Dume," akasema.

Basi koleo usilitupe, nikamwandikia.