Habu ya Matundu Kumi na Tarumbeta Isiyojua Kunyamaza

Kamati ya harusi ile ya Katuba, mtaa wa Lubumbashi, ilikuwa na bajeti ya keki ya ghorofa tano, bajeti ya magari ya msafara, hadi bajeti ya baluni. Habu ya USB, kisanduku kinachogawa tundu moja la kompyuta kuwa mengi, haikuwamo. Kwa hiyo Papa Prezida, mwenyekiti wa kamati, aliingia sokoni mwenyewe, akarudi na kijisanduku cheusi chenye matundu kumi na taa ya buluu juu ya kila tundu. Akakiweka juu ya meza ya sono (mitambo ya sauti), mbele yangu.

"Mudogo, angalia. Matundu kumi! Ile yako iko na ine tu."

Niligeuza boksi chini juu nikitafuta adapta. Hakuna. Ubavuni mwa habu palikuwa na kitundu cha mviringo cha kuingizia umeme, kitupu.

"Papa, adapta yake iko wapi?"

"Muuzaji alisema adapta njo ya watu wenye kompyuta bila nguvu. Ya kwetu iko na nguvu."

Hapo hakuna la kujibu. Mwenye kulipa sono ndiye yeye.

Laptop ya mpiga kinanda wetu ina matundu mawili tu, yote USB 2.0. La kwanza ni la kadi ya sauti, na hilo halijadiliwi: kadi ya sauti huchomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta, maana sauti ni data isiyosubiri foleni, na ikicheleweshwa kidogo spika zinatoa mikwaruzo. La pili likabeba habu, na habu ikabeba kinanda cha kontrola (hakina sauti yake, kinaiamuru kompyuta tu) chenye vibonye 61, ubao wa pedi 16 za taa za rangi, ubao wa slaida nane, na kipokezi cha kipanya kisicho na waya. Matundu sita yakabaki wazi, yanawaka buluu. Hayo sita ndiyo yaliyotuponza.

Tundu la USB 2.0 linatoa volti 5, na mwisho wake ni miliampea 500. Habu isiyo na adapta inajilisha kwanza humo humo, kisha kwa kanuni kila tundu lake linaruhusiwa kuahidi miliampea 100 tu. Ukitaka kujua kila kontrola inaomba kiasi gani, fungua programu ya USBView ya Microsoft, tafuta mstari wa MaxPower. Kwa vifaa vya USB 2.0 namba ile huhesabiwa kwa miliampea mbili mbili: 0x32 ni miliampea 100, 0xFA ni 500. Kinanda kilisoma 0x32. Pedi zilisoma 0xFA. Pedi peke yake zinaomba tundu zima la laptop!

Kwa haki Windows ingekataa, iseme umeme hautoshi. Haikukataa, kwa kuwa habu ilikuwa inaidanganya. Habu nyingi za bei rahisi hujitambulisha kwa kompyuta kana kwamba zina adapta yao, kompyuta inaziamini na kufungua kila kitu. Tukapunguza mwanga wa pedi hadi chini kabisa kwenye menyu yake, tukajaribu nyimbo, vikashika. Mpiga kinanda akaniambia kama mkubwa wake, "Yaya, itabeba." Na kweli ingebeba, kama si simu.

Delestaji (mgao wa umeme) ilianza kabla wageni hawajafika. Jenereta ikalishwa mafuta, ikapewa sono, friji na taa za meza ya maharusi, basi. Mimi nilikuwa nje namsaidia fundi wa jenereta, maana sindano ya volti ilikuwa inacheza kati ya 190 na 240, wakati Mama Mukubwa wa bwana harusi alipopita karibu na meza yetu na simu inayokufa. Akaona taa za buluu. Akachomeka. Mpiga kinanda alimwona, lakini ni mtoto gani Lubumbashi atamchomolea Mama Mukubwa simu? Naye mama si mchoyo, akawaita wenzake.

Ndani, mjomba wa bibi harusi alisimama kusalimia wageni. Salamu zikaisha upesi, akahamia kwenye mahari iliyobaki. Alikuwa na karatasi. MC, kwa kutaka kumpamba mzee, akamfanyia mpiga kinanda ishara ampigie tarumbeta kidogo. Kijana akabonyeza noti moja ya heshima, na kidole kikiwa bado chini, simu ya tatu ikachomekwa.

Sasa fuata umeme ulivyokwenda. Waya wa habu ulikuwa mrefu, mita mbili, na ndani yake nyuzi za geji 28, wembamba ambao watengenezaji huupenda ili kubana shaba (watu wanabana shaba, sisi huku tumeikalia). Geji 28 ina ukinzani wa karibu omu 0.21 kwa kila mita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo mita mbili ni mita nne, karibu omu 0.85. Vuta nusu ampea hapo, umeshapoteza zaidi ya volti 0.4 kabla habu haijala chake. Kanuni inaruhusu tundu la habu isiyo na adapta lishuke hadi volti 4.40. Sisi tulipita hapo tukiteremka. Habu ikazima, ikawaka, ikazima tena, na kila kilichoning'inia juu yake kikapotea.

MIDI, lugha ya kontrola na kompyuta, nayo ina tabia yake, na hii ipo tangu mwaka 1983: ukibonyeza, ujumbe unakwenda kusema noti imeanza, ukiachia, ujumbe wa pili unasema imekwisha. Wa kwanza ulifika. Wa pili haukuwa na njia. Na sauti ya tarumbeta ndani ya programu haina mapafu ya kuchoka.

PAAAAAAAA!

"…na mbuzi kumi na mbili ambazo hatujazi—" Mjomba hakusikika tena. Upande wa bwana harusi ukapiga makofi kwa furaha isiyofichika. Juu ya tarumbeta, spika zikatoa "du-dum, du-dum, du-dum", mlio wa Windows kuaga vifaa, kimoja kimoja, kwa nguvu ya bafle nne. Mtu nyuma akasema "Amina."

Mpiga kinanda akainua mikono yote miwili juu ili ukumbi uone kwamba si yeye. Ukumbi ukaona, na nao ukainua mikono juu.

Shida kubwa zaidi ilikuwa mlangoni. Maharusi waliambiwa waingie wakisikia tarumbeta. Wakaingia. Wasindikizaji mbele, hatua mbili, kurudi moja, mabega yanacheza, muziki wenyewe noti moja iliyonyooka. Wanavyojua watu wa kwetu kucheza, walikuwa wameshaipatia mwendo.

Niliposikia kutoka nje nilikimbia. Programu ina kitufe cha kunyamazisha kila kitu, kinachotuma amri 123 ya MIDI kwa chaneli zote. Kukibonyeza kunahitaji kipanya, na kipokezi cha kipanya kilikuwa kwenye habu ile ile. Padi ya mguso ya laptop ilikuwa imezimwa, kiganja kisiisumbue wakati wa kupiga. Nikashusha slaida ya laptop kwenye miksa. Kimya. Maharusi wamesimama katikati ya ukumbi mguu mmoja mbele. Mjomba, karatasi mkononi, akaendelea palepale alipoachia: "Mbuzi kumi na mbili."

Tuliokoa usiku kwa kuitupa habu. Kinanda kikachukua tundu lake peke yake, pedi na slaida zikarudi begi. Hata hapo kinanda hakikusikika hadi programu ilipofungwa na kufunguliwa upya, na Windows ikakipa jina jipya lenye "2-" mbele kwa sababu kimehamia tundu jingine, hivyo mipangilio ilianza upya. Tangu hapo kila waya una rangi ya kucha inayofanana na ya tundu lake.

Habu tunayotumia leo niliinunua kwa kusoma adapta kwanza, habu baadaye. Ina matundu saba. Saba mara miliampea 500 ni ampea 3.5, na adapta yake imeandikwa volti 5, ampea 4. Ukiona habu ya matundu kumi na adapta ya ampea 2, rudisha rafuni. Ukinunua adapta pembeni, linganisha volti na alama ya chanya au hasi ya katikati ya plagi kabla ya kuchomeka. Tafuta pia iliyoandikwa Multi-TT: kontrola nyingi za MIDI huzungumza kwa megabiti 12 kwa sekunde, na habu ya kawaida inazigawia zote njia moja ya kiasi hicho, wakati hii inampa kila mmoja njia yake. Zile zenye swichi juu ya kila tundu sizitaki jukwaani, kiwiko kimoja kinatosha. Za USB 3.0 zinafanya kazi, ila zinatoa kelele kwenye masafa ya gigahezi 2.4, na kipanya kisicho na waya kinaanza kuruka ruka.

Kabla ya kulipa, chomeka habu na adapta yake kwenye laptop iliyozimwa. Laptop ikiwasha taa au ikitikisa feni, habu inarudisha umeme nyuma. Iache.

Na adapta yenyewe naichomeka kwenye onduleri (betri ya akiba, UPS), si kwenye jenereta. Bila onduleri, delestaji ikikata, laptop inabaki hai kwa betri yake, habu inakufa, na tuko tena na tarumbeta. Kwenye Windows zima usitishaji teule wa USB (selective suspend) katika mpangilio wa umeme, na weka milio ya mfumo kuwa hakuna kabisa. Sipendi tena kuombewa na spika.

Habu ile ya taa za buluu Papa Prezida aliidai. Ameifungulia biashara ya kuchaji simu pale Kenya, mtaa mwingine wa Lubumbashi, matundu kumi, imechomekwa kwenye chaja moja ya simu ya ampea 1. Wiki hii alinipigia.

"Mudogo, wateja wanaacha simu asubuhi, magharibi hazijajaa. Njo nini?"

"Papa, ampea moja, simu kumi."

Akafikiri. "Basi nitafute ya matundu ishirini?"