Kura saba za Kohima na viti tunavyovibeza nyumbani

Huu ni mwaka wa tisa niko Delhi. Kazi yangu ni ukalimani: nawasindikiza hospitalini wagonjwa wanaotoka Tanzania, Kenya, Kongo na Burundi, nakaa kati yao na daktari. Naishi Humayunpur, mtaa wa vichochoro kusini mwa jiji, kwa kuwa ndiko nilikopata chumba. Kwingine, mwenye nyumba akishaniona mlangoni, chumba kimeshachukuliwa. Humu mtaani wamejaa watu wa kaskazini-mashariki mwa India ambao nao hukataliwa vyumba. Wana paspoti ya India mfukoni, na bado barabarani wanaitwa Wachina. Ndivyo nilivyompata dada yangu wa Kinaga, Mwangami (Waangami ni kabila mojawapo la Wanaga) wa kijiji kimoja karibu na Kohima, mji mkuu wa jimbo la Nagaland. Tunapanga pamoja mwaka wa sita sasa.

Yeye ndiye aliyenifanya nibadili mawazo kuhusu jambo la kwetu.

Mama yangu mdogo alikuwa diwani wa viti maalumu kule Lushoto kwa miaka kumi. Nilikuwa namwonea aibu, na naliandika hili kwa kuwa najua si mimi peke yangu. Mtaani walimwita diwani wa kupewa. Kwenye mikutano aliambiwa usoni, "Wewe huna kata, tulia." Nami niliyesoma nikaona wana hoja: kiongozi achaguliwe, asipangwe kwenye orodha na chama. Nilipoondoka nyumbani msimamo wangu ulikuwa kwamba viti vile vinawadhalilisha wanawake, na vifutwe.

Desemba 2022 tulikwenda kwao kula Krismasi. Kohima iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, sawa na Lushoto, na nusura nilie niliposhuka garini. Ukungu uleule, baridi ileile ya asubuhi, mashamba ya ngazi yakishuka bondeni. Kwetu ngazi zile hupandwa mboga na mahindi, kwao mpunga. Sokoni wauzaji ni wanawake watupu: pilipili yao kali kupita zote nilizowahi kuonja, konokono, mabuu ya nyigu, soya iliyovundikwa ambayo harufu yake inakufuata mpaka kitandani. Wanawake wamesoma, wanafundisha, wanauguza, wanaendesha maduka. Nikasema moyoni, hawa wametuzidi.

Jioni moja nikauliza, jikoni tukiota moto, wabunge wao wanawake ni wangapi. Mama wa nyumba akainua mkono akafunga ngumi. Sifuri. Nagaland ilipata kuwa jimbo la India mwaka 1963, ina bunge lake la watu 60 na waziri kiongozi wake, na kwa miaka yote hiyo hakuna hata mwanamke mmoja aliyewahi kuchaguliwa kukaa ndani yake.

Si kwamba hawakuwa na wanawake wa siasa. Mwaka 1977 Rano Shaiza, mpwa wa Phizo, yule mzee aliyeongoza harakati za uhuru wa Wanaga na kufia uhamishoni London, aligombea ubunge wa Delhi, kiti pekee cha Nagaland katika bunge la chini la taifa. Akamshinda Hokishe Sema, mtu aliyewahi kuwa waziri kiongozi. Hebu fikiria: jimbo zima linamchagua mwanamke na kumtuma Delhi, kisha mlango ule unafungwa nyuma yake. Mpaka leo hakuna mwanamke mwingine wa Nagaland aliyechaguliwa katika bunge hilo.

Baba wa nyumba, mzee mpole aliyenipa kiti cha karibu na moto, alinieleza upande wake, nami nampa haki yake. Katiba ya India ina ibara ya 371A inayolinda mila za Wanaga, na ulinzi huo ulipatikana baada ya vita na vijiji kuchomwa. Kwa mila, ardhi ni ya wanaume, na baraza la kijiji ni la wanaume. Delhi ikisema leo mtenge viti vya wanawake, kesho itasema nini kuhusu ardhi? Hofu hiyo ninaielewa. Sisi Wasambaa pia tunajua shamba la ukoo humwendea nani.

Lakini hofu hiyo ilizaa moto. Sheria ya kutenga theluthi ya viti vya halmashauri za miji kwa wanawake ilikuwapo tangu 2006. Chama cha Akina Mama wa Naga kiliipigania mpaka Mahakama ya Juu ya India. Serikali ilipojaribu kufanya uchaguzi wa halmashauri hizo mapema mwaka 2017, wapinzani wa viti hivyo waliandamana, vijana wawili walipigwa risasi wakafa Dimapur, ofisi za serikali zikachomwa Kohima, na waziri kiongozi T. R. Zeliang akajiuzulu. Kwa theluthi ya viti vya halmashauri tu, viti vilevile mama yangu mdogo alivyokalia kule Lushoto na mimi nikamwonea aibu!

Basi ukaja uchaguzi wa bunge lao, Februari 2023. Wagombea walikuwa zaidi ya 180, wanawake wanne. Mmoja alikuwa Salhoutuonuo Kruse, aliyekuwa kiongozi wa umoja wa wanawake wa Kiangami, na aligombea jimbo la uchaguzi la Western Angami, ambako ndiko kwao na dada yangu. Mwingine ni Hekani Jakhalu, mwanasheria aliyetumia miaka mingi kuwatafutia vijana ajira, akagombea Dimapur III. Wote wawili walisimama kwa chama cha NDPP cha waziri kiongozi Neiphiu Rio.

Machi 2 hatukwenda kazini. Tulikaa sakafuni na simu mbili, chai imepoa. Jakhalu akapita kwa zaidi ya kura 1,500. Kruse akatangazwa mshindi kwa kura saba.

Saba. Nyumba ile niliyolala Krismasi ina wapiga kura watano. Kule, sehemu nyingi, mkubwa wa nyumba huamua kura za wote, na kanisa la Kibaptisti limekuwa likihubiri dhidi ya tabia hiyo kwa miaka. Dada alipompigia mama yake, mama alisema neno moja tu la Kiangami, akacheka, akakata simu. Sikuuliza maana yake. Mwezi huohuo Kruse aliapishwa kuwa waziri, mwanamke wa kwanza katika serikali ya jimbo hilo. Juni 2024 hata uchaguzi wa miji ukafanyika, theluthi ya viti ikiwa ya wanawake, baada ya miaka ishirini bila uchaguzi huo.

Sasa nasema na nyinyi wa nyumbani, na najua mtanijibu kwa ukali. Viti maalumu vina ubovu wake. Mbunge asiye na jimbo humwogopa aliyempanga kuliko anayemwakilisha. Kuna waliokaa humo vipindi vinne bila kujaribu kugombea. Hilo lirekebishwe: mtu apewe vipindi viwili, kisha aende kwa wananchi. Lakini kuvifuta? Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi mwaka 2000 kwa viti maalumu. Miaka kumi baadaye aligombea Makunduchi akashinda. Mwaka 2021 akawa Rais. Utawala wake kila mtu ana hukumu yake, na si mada yangu hapa. Natazama alikopandia. Kule Nagaland, wanawake hodari walisubiri miaka sitini chini ya ukuta kwa sababu hapakuwa na pa kukanyaga, na mmoja wa wawili wa kwanza akapita kwa kura za nyumba moja na nusu.

Nilimpigia mama mdogo usiku ule wa Machi. Sasa ni mstaafu, analima kabichi. Nikamweleza yote, kisha nikamwomba radhi kwa yale niliyokuwa nikiyasema kumhusu. Alinyamaza kidogo, nikasikia kuku nyuma yake.

"Huyo wa kura saba," akaniuliza, "atagombea tena lini?"

"Uchaguzi wao ni 2028, mama."

"Utaniambia amepata ngapi."