Je, Bukavu inahitaji watafiti wa uzee?

Kila wazo la kufundisha watafiti wa afya ya wazee linapotajwa katika vyuo vya Bukavu, mashariki mwa Kongo, jibu la kwanza huwa lile lile. Watoto wanakufa kwa malaria na surua, mpox ya aina mpya ilizuka katika mji wa machimbo wa Kamituga mwaka 2023, kipindupindu hakikauki kandokando ya ziwa Kivu, nanyi mnataka kuchunguza magoti ya wazee? Si jibu la kipuuzi. Karibu nusu ya Wakongo wana chini ya miaka 15, na waliovuka 65 ni kama 3 tu kwa kila 100. Mkuu wa kitivo mwenye pesa za kusomesha watu wachache ana haki ya kuuliza kwa nini asiwaelekeze kwenye magonjwa ya watoto.

Lakini 3 kwa 100 katika nchi yenye watu wapatao milioni 100 ni wazee milioni tatu. Na hata hesabu hiyo ni ya kukadiria, maana sensa ya mwisho ya nchi hii ilifanyika 1984. Tena mzee wa Bukavu haishi peke yake. Katika nyumba nyingi za mitaa ya Kadutu na Bagira, bibi ndiye anayelea wajukuu, ama kwa sababu wazazi walikufa, ama walikimbia vita, ama wako kwenye machimbo. Siku bibi huyo akipigwa na kiharusi, mjukuu wa kike ndiye anayeacha shule ili amwogeshe. Wanaoweka mtoto upande mmoja wa mzani na mzee upande wa pili wanatenganisha watu wanaokula chungu kimoja.

Kwa hiyo hoja ya uchache wa wazee hainishtui sana. Kuna hoja nyingine ya kuunga mkono mafunzo haya ambayo haizungumzwi vya kutosha, nayo ni ya vipimo.

Chukua kipimo cha akili kinachojulikana kuliko vyote duniani, kile kinachoitwa MMSE kwa kifupi, kilichotungwa Marekani mwaka 1975. Kina alama 30, na kizingiti kinachotumika sana ni 24: chini ya hapo, mtu anashukiwa kuwa na matatizo ya kumbukumbu. Sasa mketishe mbele ya kipimo hicho mama wa miaka 70 kutoka Kabare ambaye hakuingia darasani. Anaambiwa asome sentensi na kuitii: alama moja imekwenda. Aandike sentensi yake mwenyewe: nyingine. Anakili michoro miwili ya pembe tano iliyopishana, naye hajawahi kushika kalamu: ya tatu. Kisha atoe 7 kutoka 100, na 7 tena, mara tano mfululizo: hapo kuna alama tano. Zote zikimponyoka, amebaki na 22, hata kama mengine yote ameyajibu sawasawa. Karatasi inasema akili yake inapungua. Mama huyohuyo, ukimkuta sokoni Kadutu akiuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, atakupigia hesabu ya franka na chenji yako kichwani kabla hujatoa simu mfukoni.

Kosa hilo halirekebishwi na mtaalamu anayekuja kwa wiki mbili kutoka Ulaya. Linahitaji mtu anayejua Kiswahili cha hapa, Kimashi au Kirega, anayejua pia namna kipimo kinavyojengwa na kuhakikiwa. Majirani zetu Watanzania walionyesha njia. Katika wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, watafiti wa huko pamoja na wenzao wa Newcastle, Uingereza, walitengeneza kipimo kifupi kinachoitwa IDEA, kisichodai kusoma wala kuandika. Mzee anapewa njiti za kiberiti apange umbo aliloonyeshwa. Anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anaulizwa leo ni siku gani na mwenyekiti wa kijiji ni nani, anaombwa ayakumbuke maneno kumi aliyosomewa mwanzoni. Hata hivyo, tusikibebe kizimakizima. Baada ya Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, swali la nani anaongoza hapa si la kumpimia mzee kumbukumbu. Linaweza kumtia hofu, akanyamaza.

Na kabla ya kupima chochote, lazima ujue umri. Wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na kitambulisho cha mpiga kura mara nyingi kina mwaka uliobuniwa mezani. Mtafiti aliyefundishwa vizuri hatauliza tu, "Mama, uko na miaka ngapi?" Atakuwa na kalenda ya matukio: uhuru wa 1960, waasi wa Mulele kuvamia mji 1964, mamluki wa Mbelgiji Schramme kuukalia 1967, wakimbizi wa Rwanda kumiminika 1994. Mama akisema alikuwa msichana wa kuolewa wakati wa Schramme, unajua alizaliwa karibu na mwaka 1950. Ufundi mdogo, lakini usipokuwepo takwimu zote zinazofuata ni za kubahatisha.

Kuna jambo zito zaidi. Vijijini Kivu Kusini, wazee, hasa wajane, hushutumiwa uchawi, na wengine huuawa. Mwanamke anayetangatanga usiku, anayewasahau majirani, anayesema peke yake, anakuwa mshukiwa wa haraka. Huenda ana ugonjwa wa kusahau. Huenda ana majeraha ya moyo ya vita tunavyoviishi tangu 1996. Huenda ni maambukizi tu, au upungufu wa maji mwilini. Kuyatofautisha ni kazi ya kisomi, na hapa mjini wanaoweza kuifanya ni wachache mno. Kwangu, sababu hii peke yake inatosha kuanza.

Wapinzani wana silaha yao nzuri kuliko ile ya asilimia 3. Utafiti wa uzee una thamani pale unaporudi kwa mtu yuleyule mwaka baada ya mwaka. Wamarekani wanawafuatilia maelfu ya watu waliovuka 50 tangu 1992, kila miaka miwili. Wenzetu wa Afrika Kusini waliweza kuanza uchunguzi wao mkubwa wa uzee huko Agincourt mwaka 2014 kwa sababu kaya za eneo hilo zilikuwa zikihesabiwa tangu 1992. Sisi tuna kaya zinazohama mara tatu kwa mwaka. Utamfundisha mtu ufuatiliaji wa miaka kumi, afuatilie nini?

Nilikuwa karibu kukubaliana na hoja hiyo mpaka nikafikiria Lwiro, kaskazini mwa Bukavu. Hospitali ya watoto ya huko ilitibu watoto karibu 2,000 wa utapiamlo mkali kati ya 1988 na 2007. Miaka mingi baadaye, watafiti wa Lwiro, Bukavu na Brussels walirudi kuwasaka katika maeneo ya Miti-Murhesa na Katana, wakawapata mamia wakiwa watu wazima, licha ya vita vyote vilivyopita katikati. Kwa hiyo inawezekana, ila kwa madaftari yaliyotunzwa na watu wanaojua kila kilima.

Kinachobaki kunisumbua ni mshahara. Wauguzi wengi wa vituo vya afya hawalipwi mshahara na serikali. Wanaishi kwa primu, yaani marupurupu, na fungu la wanacholipa wagonjwa. Anayepata shahada ya utafiti huchukuliwa na shirika ndani ya miezi michache, na simlaumu. Pesa za nje nazo zimeyumba: shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa Julai 2025, na miezi miwili kabla yake taasisi ya afya ya Marekani, NIH, ilitangaza kusitisha utaratibu wa kupitishia fedha kwa washirika wa nchi nyingine. Benki za mji zilifungwa mwaka 2025. Anayependekeza shule mpya ya sayansi ya uzee Bukavu leo hajasoma mazingira.

Ningependelea kitu kidogo. Wauguzi wanaopima shinikizo la damu tayari, pamoja na wanafunzi wachache wa uzamili, wafundishwe kazi mbili tu: kukadiria umri, na kuhakiki kipimo cha kumbukumbu kwa lugha za hapa. Kwa hilo hauhitaji jengo wala mfuko mkubwa. Takwimu za hali ya juu bado zitamhitaji mtu wa kwenda kusoma nje. Aende mmoja, na mkataba wa kazi atakayoirudia usainiwe kabla hajavuka mto Ruzizi, mpakani na Rwanda.