Ohio State 2024: ubingwa uliojengwa upande wa kushoto

Ohio State walipotwaa ubingwa wa taifa wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo mjini Atlanta, Januari 20, 2025, maelezo mawili yalitawala mazungumzo. La kwanza ni fedha: mkurugenzi wa michezo wa chuo, Ross Bjork, alikuwa ametaja takriban dola milioni 20 za malipo ya wachezaji. La pili ni Jeremiah Smith, mpokeaji wa mwaka wa kwanza aliyewatesa mabeki karibu kila alikokwenda. Yote mawili ni kweli na yote mawili hayatoshi. Timu hiyohiyo, yenye fedha hizohizo na Smith huyohuyo, ililala 13-10 nyumbani kwake mbele ya Michigan tarehe 30 Novemba. Kwangu mimi, msimu ule uliamuliwa na watu watano wa safu ya mbele ya mashambulizi, pamoja na muda ambao benchi la ufundi lilichukua kukubali kile ambacho watu hao wangeweza kufanya na kile ambacho kiliwazidi.

Kwa asiyefuatilia sana mchezo huu: timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Kila jaribio huanza pale senta anapourudisha mpira kwa kwotabeki, mrusha pasi anayeongoza mashambulizi. Pembeni mwa senta, kila upande, kuna gadi mmoja, na nje ya kila gadi kuna takeli. Kwotabeki anayetumia mkono wa kulia, kama Will Howard wa Ohio State, akijiandaa kurusha huwa ameupa mgongo upande wa kushoto. Adui anayetokea huko hamwoni. Takeli wa kushoto ndiye anayemlinda, na akikosekana hesabu zote za mashambulizi hubadilika: mkimbiaji analazimika kubaki nyuma kusaidia ulinzi, wapokeaji wanapungua, pasi ndefu zinakatwa kwenye mpango.

Mwanzo wa msimu haukuwa na la kusimulia sana. Akron walichapwa 52-6, Western Michigan 56-0, Marshall 49-14, kisha Michigan State 38-7 na Iowa 35-7. Takeli wa kushoto alikuwa Josh Simmons, gadi wa kushoto Donovan Jackson, na senta Seth McLaughlin aliyehamia kutoka Alabama.

Tarehe 12 Oktoba wakasafiri hadi Eugene kucheza na Oregon, na katika robo ya pili Simmons akaumia goti. Msimu wake ukaishia hapo. Ohio State walifungwa 32-31, na watu wengi wanakumbuka zaidi sekunde za mwisho. Zikiwa zimebaki sekunde 10, Oregon waliingiza mtu wa 12 uwanjani badala ya 11 wanaoruhusiwa. Pasi ikapotea, sekunde nne zikaliwa, na adhabu ikawa yadi tano tu. Saa haikurudishwa, kwa hiyo kosa likawafaidi Oregon wenyewe. Katika sekunde sita zilizobaki Howard alikimbia na mpira, akateleza chini kujilinda, na muda ukawa umekwisha. Wasimamizi wa sheria waliliziba pengo hilo siku chache baadaye. Lakini kidonda chenyewe cha mechi ile kilikuwa goti la Simmons, na upande wa pili wa mpira kulikuwa na tatizo jingine: walinzi wa Ohio State hawakumwangusha kwotabeki wa Oregon, Dillon Gabriel, kabla hajarusha hata mara moja.

Baada ya wiki ya mapumziko walimjaribu Zen Michalski nafasi ya Simmons dhidi ya Nebraska. Walishinda 21-17 kwa jasho, na Michalski naye akaumia. Hapo ndipo ulipofanyika uamuzi ambao naupa uzito kuliko usajili wowote wa msimu ule: Donovan Jackson alitolewa kwenye ugadi na kupelekwa utakeli wa kushoto, na Carson Hinzman akaingia kuwa gadi.

Asiyejua atadhani ni hatua moja tu ya kusogea nje. Sivyo. Gadi ana jirani kushoto na kulia, na mara nyingi anapambana na mtu mzito aliye mbele ya pua yake, kwenye nafasi finyu. Takeli yuko pembeni peke yake, akimkabili mtu mwepesi anayekuja kwa kasi na mwenye uwanja mpana wa kuchagua apite nje au akate ndani. Gadi husogea mbele na kusukuma. Takeli hurudi nyuma kwa mshazari, mabega yakiwa bado yametazama mbele, na akifungua kiuno mapema mno amekwisha. Jackson alijifunza haya katikati ya msimu, na mtihani wake wa kwanza akianza nafasi hiyo ukawa ugenini kwa Penn State, mbele ya Abdul Carter, mmoja wa washambuliaji hatari zaidi wa makwotabeki nchini Marekani.

Ohio State walishinda 20-13 licha ya Howard kurusha pasi iliyonaswa na kurudishwa hadi tachidauni, yaani hadi ndani ya eneo la kufungia, mapema kabisa. Katika robo ya nne Penn State walifika yadi tatu kutoka mstari wa goli. Mara tatu walikimbia katikati, mara tatu ukuta ukasimama, na jaribio la nne pasi ikaanguka. Ohio State wakachukua mpira karibu kabisa na mstari wao wenyewe, zikiwa zimebaki dakika tano na ushei. Wakakimbia, wakakimbia tena, hadi saa ikaisha bila Penn State kuugusa mpira. Timu haimalizi mechi hivyo ugenini kama safu yake ya mbele haijakaa sawa.

Kisha pigo la pili. Wiki ya mechi na Indiana, McLaughlin aliumia kano ya kisigino mazoezini. Hinzman akahamia usenta na gadi mpya akatafutwa. Indiana walifungwa 38-15, na nadhani ushindi ule uliwapumbaza makocha.

Michigan walikuja Columbus, nyumbani kwa Ohio State, wakiwa wameshinda sita na kupoteza tano, bila Will Johnson, beki wao bora, na bila Colston Loveland, mpokeaji wao tegemeo. Walichokuwa nacho ni Mason Graham na Kenneth Grant, watu wawili wazito katikati ya ulinzi, wa kiwango ambacho vyuo vichache vina hata mmoja. Ohio State walikuwa na senta aliyehamishwa na takeli wa kushoto aliyehamishwa. Halafu mpango wa kocha mkuu Ryan Day na mratibu wa mashambulizi Chip Kelly ukawa kukimbia katikati, kulekule walikosimama Graham na Grant. Walikimbia mara 26 wakapata yadi 77, chini ya yadi tatu kwa kila jaribio. Ukipata yadi mbili jaribio la kwanza na moja la pili, la tatu unabaki na yadi saba, mpinzani anajua utarusha, na kwotabeki anabanwa. Pasi mbili za Howard zilinaswa, na mpiga mikwaju, anayetafuta pointi kwa mguu, akakosa mara mbili, ya yadi 34 na ya yadi 38. Michigan wenyewe walirusha kwa yadi 62 tu mechi nzima! Mpigaji wao Dominic Zvada akapiga mkwaju wa ushindi zikiwa zimesalia sekunde 45.

Lawama nyingi zilimwangukia Howard. Mimi sikubali. Mchezaji hachagui kugonga ukuta mara 26. Nje kulikuwa na wapokeaji Smith, Emeka Egbuka na Carnell Tate, na beki bora wa wapinzani hakuwepo. Ulikuwa ukaidi, kutaka kuthibitisha ubabe mbele ya timu iliyokuwa imewafunga miaka mitatu mfululizo, na uliwafanya wafungwe mwaka wa nne.

Walipata siku 21 kabla ya mtoano. Walipocheza na Tennessee Desemba 21, kwenye baridi ya chini ya nyuzi sifuri, mpango ulikuwa umegeuzwa. Howard alirusha mapema, jaribio la kwanza, kabla ulinzi haujajipanga kumkimbilia, na mpira ulitoka mkononi mwake haraka kiasi kwamba Jackson na wenzake hawakuhitaji kushikilia kwa muda mrefu. Robo ya kwanza iliisha 21-0. Howard alikamilisha pasi 24 kati ya 29, na mabeki walipotawanyika kuwafuata wapokeaji, njia za wakimbiaji Quinshon Judkins na TreVeyon Henderson zikafunguka. Wakashinda 42-17.

Siku ya mwaka mpya, kwenye robo fainali iliyoitwa Rose Bowl, Oregon ambao hawakuwa wamefungwa na yeyote walikuta ubao ukisoma 34-0 kabla hawajapata pointi. Smith peke yake alipokea yadi 187. Na yule Gabriel ambaye Oktoba hakuguswa aliangushwa mara nane. Hapa mratibu wa ulinzi Jim Knowles anastahili sifa yake: baada ya kipigo cha Eugene alimtumia Caleb Downs, beki wa nyuma, karibu zaidi na mstari wa mapambano, na akaacha kuwaonyesha wapinzani sura ileile kila jaribio. Kwa wastani walifungwa pointi 12.9 kwa mechi, ulinzi bora nchini.

Nusu fainali, Texas waliwabana kweli. Wakiwa nyuma 21-14, Texas walifika yadi moja kutoka goli. Jaribio la pili wakatupa mpira pembeni na kupoteza yadi saba. La nne Jack Sawyer wa Ohio State akamvaa kwotabeki wao, Quinn Ewers, akaung'oa mpira, na akakimbia nao yadi 83 hadi tachidauni. Ikaisha 28-14.

Kuna wanaosema timu iliyofungwa nyumbani na mpinzani wake mkubwa haikustahili nafasi, kwamba mtoano wa timu 12 umeishusha thamani mechi ya Michigan. Naelewa uchungu wao, ila siafiki. Kamati iliipanga Ohio State ya sita; kwa mfumo wa zamani wa timu nne tungeamini hadi leo kwamba timu hii ilikuwa dhaifu. Na adhabu walilipa: hawakucheza fainali ya Big Ten, kanda yao, wala hawakupata nafasi ya kuanzia robo fainali. Kilichokuwa kibovu ni kuwapa mapumziko mabingwa wa kanda hata walipokuwa chini kwenye orodha. Timu zote nne zilizopumzika, Oregon, Georgia, Boise State na Arizona State, zilitolewa robo fainali, na kuanzia 2025 upangaji ukafuata orodha yenyewe. Ni marekebisho sahihi.

Fainalini Notre Dame waliachwa nyuma 31-7 kisha wakarudi hadi 31-23. Ohio State wana mpira, jaribio la tatu, zinahitajika yadi 11. Desturi ingekuwa kukimbia, kula saa na kuupiga mpira mbali, mchezo uleule wa Novemba. Kelly aliita pasi ndefu. Safu ikashikilia, Smith akampita beki aliyeachwa naye peke yake, yadi 56. Mkwaju uliofuata ulifunga hesabu, 34-23.

Aprili, Jackson aliitwa wa 24 kwenye uteuzi wa NFL, ligi ya kulipwa, na Minnesota Vikings. Simmons, ambaye goti lake liliharibika Oktoba, akaitwa wa 32 na Kansas City Chiefs, bado katika raundi ya kwanza.