Sonona ya Wanawake wa Afghanistan: Kazi ya Daktari au ya Siasa?

Madaktari wa nchi nyingi hupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kwa dodoso la maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Umekosa hamu ya kufanya mambo? Usingizi unakuja? Unajiona umeshindwa maishani? Unaweza kutuliza akili ukasoma gazeti? Sasa mpe dodoso hilo binti wa Kabul wa miaka 16. Taliban waliingia mjini humo Agosti 15, 2021, na yeye aliishia darasa la sita kwa sababu sekondari zimefungwa kwa wasichana. Tangu Novemba 2022 hata bustani za umma amekatazwa. Alama zake zitapanda, bila shaka. Ila hapo tumepima ugonjwa wake, au tumepima amri za serikali?

Watetezi wa haki za wanawake wana jibu: ukimwita mgonjwa, umemtwisha yeye kosa la watawala. Na ushahidi wao si wa kubeza. Mwaka 2000, Taliban walipokuwa wakitawala kwa mara ya kwanza, shirika la Kimarekani la Physicians for Human Rights lilihoji wanawake wa Afghanistan. Walioishi chini ya sera za Taliban, kati ya asilimia 73 na 78 walikuwa na sonona kali. Katika eneo ambalo Taliban hawakulishika, asilimia 28. Vita na umaskini vilikuwapo kote kote, kwa hiyo pengo hilo halielezeki kwa mabomu pekee.

Upande wa pili, wa madaktari, nao una takwimu zake. Mwaka 2002, miezi michache baada ya Taliban kung'olewa, utafiti wa kitaifa ulikuta dalili za sonona kwa takriban asilimia 68 ya waliohojiwa, na za wasiwasi kwa asilimia 72, wanawake wakiwa na hali mbaya zaidi. (Dalili si sawa na sonona kali, kwa hiyo anayezilinganisha moja kwa moja na zile za 2000 anadanganya.) Madaktari wanasema mateso haya yana mizizi mirefu: vita tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, ndoa za kulazimishwa, kipigo cha nyumbani. Amri ikifutwa leo, aliyekwisha kuvunjika hatainuka kesho yake asubuhi.

Mimi kuhusu chanzo nawaunga mkono watetezi. Ila wanapodharau tiba, hapo tunaachana. Katika nchi ambako mwanamke amefungiwa chuo kikuu, kazi nyingi na hata saluni, kwenda kutibiwa ni moja ya sababu chache za kutoka nyumbani ambazo bado zinakubalika. Kusema "siasa imenivunja" ni hatari. Kusema "silali, kichwa kinaniuma, moyo unanienda mbio" kunampa nafasi ya kuketi na mwanamke mwenzake amsikilize. Anayemnyima jina la mgonjwa kwa nia njema anaweza kumnyima na kiti hicho.

Kiti chenyewe si cha uhakika, lakini. Tangu Desemba 2021 safari ya zaidi ya kilomita 72 inamtaka awe na maharimu, yaani mwanamume wa karibu wa familia, na maharimu huyo anaweza kuwa mume au kaka ambaye ndiye chanzo cha kilio. Atasema nini mbele yake? Wengi huishia duka la dawa, ambako vidonge vya usingizi na vya kutuliza wasiwasi huuzwa bila cheti cha daktari. Hapo hofu ya watetezi inatimia: amepewa kidonge, hajasikilizwa na mtu.

Halafu Desemba 2024 watawala waliwakataza wanawake kusomea ukunga na uuguzi. Wauguzi wa kike waliopo wanaendelea na kazi, lakini nyuma yao hakuna anayefundishwa, na familia nyingi hazikubali binti yao aguswe na tabibu wa kiume, sembuse kumweleza ya moyoni. Amri hiyo inawagonga madaktari na watetezi kwa pamoja.