Panya hakusahau boksi

Ndugu mwandishi, umeandika kuwa dawa iliyowatuliza panya waliopewa kokeini ni "tiba ya uteja". Hapo umekimbia mno. Panya akichomwa sindano ya kokeini mara kwa mara ndani ya boksi la majaribio, dozi ileile humfanya ahangaike zaidi na zaidi. Badala ya kuzoea, ubongo unazidi kuwaka. Kisha mrudishe kwenye boksi lilelile, umchome maji ya chumvi tu: bado atakimbia huku na huku, maana mahali penyewe pamekuwa ishara. Kuna dawa za kuziba vipokezi vya glutamati (kemikali ambayo seli za ubongo hupelekeana ujumbe) ambazo zikitangulia kabla ya kokeini huzuia hali hiyo isijengeke. Lakini kuzuia isijengeke si kufuta iliyokwisha kujengeka, na vijana wetu wameshatumia miaka.

Mdogo wangu aliacha unga, akakaa miezi minane kwa shangazi Kasulu, ametulia kabisa. Siku aliyofika mwaloni Kibirizi, palepale alipokuwa akivutia, jasho likamtoka, mikono ikatetemeka. Hakuna aliyempa kitu. (Yake ilikuwa heroini, najua, ila suala la mahali ni lilelile.) Tafadhali, makala ijayo andika kuhusu vijiwe tunavyowarudisha.

Msomaji, Ujiji